Miguu Imelala: Kisa cha Kupooza Siku ya Tatu Baada ya Upasuaji wa Aota

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya Uganda. Umri, kazi na kwao mgonjwa vimebadilishwa kiasi cha kumficha, na tarehe zimeondolewa. Vipimo, dawa na mfuatano wa saa vimeachwa kama vilivyo kwenye faili. Mgonjwa na ndugu zake wamekubali kiandikwe. Mimi ni daktari wa usingizi, na usiku ule nilikuwa zamu ya kuitwa kutoka nyumbani. Baadhi ya makosa yatakayotajwa hapa ni yangu.

Mgonjwa

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, dereva wa malori ya masafa marefu, mwenyeji wa mashariki karibu na mpaka wa Kenya. Nyumbani anaongea lugha ya mama, barabarani Kiswahili. Luganda yake ni ya kuagizia chakula tu. Alijua ana presha kwa zaidi ya miaka kumi, na dawa alizimeza alipozikumbuka. Alikuja akilalamikia maumivu katikati ya mabega, ambayo aliyalaumu usukani, na sauti iliyokuwa imekwaruza kwa miezi miwili.

CT skani ilionyesha aota imevimba kuanzia chini kidogo ya mshipa unaokwenda mkono wa kushoto hadi juu ya mishipa ya figo. Palipovimba zaidi upana ulikuwa sentimita 7.2. Katika mgawanyo wa Crawford, daktari wa upasuaji aliyeyapanga mavimbe haya kwa sehemu yanayochukua, hiyo ni aina ya kwanza. Kwa upana huo, kusubiri kulikuwa hatari kuliko kisu.

Ndugu waliulizia India, kama wengi wanavyofanya. Gharama za tiba, nauli na malazi ya msindikizaji ziliwazidi. Wakati huo tulikuwa na mgeni, daktari wa upasuaji wa mishipa aliyekuja kufanya kazi na timu yetu kwa siku chache, tukakubaliana afanyiwe hapa. Tulimweleza mgonjwa na mdogo wake, bila kuzungukazunguka, kwamba miguu inaweza kupooza. Mdogo wake akauliza: "Daktari, mnapasua kifua. Miguu inaingiaje?"

Miguu inaingiaje

Swali lile lilistahili jibu refu kuliko nililompa siku ile.

Ugwe wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili, unalishwa kwa mbele na ateri moja nyembamba inayoshuka kutoka shingoni. Ateri hiyo ndiyo inayohudumia sehemu kubwa ya ugwe, na humo ndimo zinamopita njia za kuamuru misuli na zile zinazopeleka habari za maumivu na joto. Nyuma kuna ateri mbili ndogo zinazolisha njia za kuhisi mtetemo na kujua kiungo kimekaa vipi. Ile ya mbele haitoshi kufika chini peke yake. Njiani inaongezewa damu na vijishipa vinavyotoka kwenye aota na kupita kati ya mbavu. Kikubwa kati ya hivyo kinaitwa kwa jina la Adamkiewicz, mwanatiba wa Poland aliyekieleza katika karne ya 19. Kwa watu wengi hutokea kushoto, kwenye pingili za mwisho za kifua au za kwanza za kiuno. Ukiondoa kipande kirefu cha aota na kuweka mrija wa kitambaa, vijishipa hivyo vinabaki bila chanzo.

Zamani ilidhaniwa kila kitu kinategemea kile kimoja kikubwa. Randall Griepp na wenzake wa New York wakatetea wazo jingine: ugwe unalishwa na wavu mzima wa mishipa midogo, kuanzia shingoni, kupitia misuli ya mgongo, hadi kwenye nyonga. Ukikata nyuzi kadhaa, zilizobaki zinaweza kujipanua na kuchukua kazi, ila zinahitaji siku kadhaa. Katika siku hizo ugwe unaishi kwa kudunduliza.

Kinachoulisha ni presha ya wastani ya ateri (namba ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa tatu) ukitoa presha ya maji yanayouzunguka ugwe. Maji hayo yamo ndani ya mfupa usiotanuka, kwa hiyo ugwe ukivimba kidogo presha yao inapanda na damu inazidi kukosa njia. Ndiyo maana tunaweka mrija mwembamba kiunoni wa kuyapunguza. Mwaka 1993 Svensson, Crawford na wenzao walitoa taarifa ya wagonjwa 1,509 wa upasuaji wa aota ya kifua na tumbo, na asilimia 16 walipata udhaifu wa miguu au kupooza kabisa. Mwaka 2002 timu ya Coselli huko Houston iliwagawa kwa kura wagonjwa 145 wa aina mbili zenye uvimbe mrefu zaidi, wenye mrija na wasio nao. Wasio na mrija, asilimia 13 walipata tatizo hilo. Wenye mrija, 2.6.

Upasuaji

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kazi ilikwenda vizuri. Mrija wa maji uliwekwa asubuhi kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno. Aota ilipobanwa, damu ya sehemu ya chini ilisukumwa na mashine kutoka upande wa kushoto wa moyo, na mwili uliachwa upoe hadi karibu nyuzi 33. Hatukuwa na mashine ya kupima mawasiliano ya ubongo na miguu wakati mgonjwa yuko usingizini. Jozi moja ya mishipa ya mbavu, iliyoonekana nene, ilishonwa kwenye mrija mpya wa aota. Nyingine zilifungwa. Upasuaji uliisha saa 10:20 jioni.

Saa 3 usiku tulipunguza dawa za usingizi tukamwambia ainue mguu mmoja mmoja. Akainua yote miwili. Kila mtu ndani ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, alipumua, na nakiri kwamba kuanzia dakika ile tuliuhesabu ugwe kama jambo lililokwisha.

Saa 58 baada ya upasuaji

Siku iliyofuata mrija wa kupumulia ulitoka asubuhi. Presha ya wastani ilikaa kati ya 85 na 95, maji ya mgongo yakitoka polepole, presha yake ikishikiliwa kwenye 10. Mgonjwa alikunywa uji na kuuliza kama lori limerudishwa Kampala.

Siku ya pili baada ya upasuaji ndiyo siku ya kisa hiki. Katika mzunguko wa asubuhi presha ilisomeka 158/90. Chumba kizima kilishtuka. Sisi madaktari wa ukanda huu tumelelewa tukiichukia presha ya kupanda. Ndiyo iliyoivimbisha aota ile, na ndiyo inayotuletea kiharusi na figo zilizokufa wodini kila wiki. Aliyekuwa akishika faili akaandika dawa mbili za kushusha presha, amlodipini miligramu 10 na labetaloli, zianze leo. Nilikuwepo. Sikupinga.

Saa 6 mchana mrija wa maji ukafungwa. Mpango ulikuwa ufungwe kwa majaribio siku hiyo, na kama hakuna shida utolewe kesho yake. Jioni mgeni wetu akaelekea Entebbe kupanda ndege. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilirudi 8.1, yaani chini. Tulijadili kuongeza damu tukaona kwa kuwa havuji na hahemi, chupa zilizopo zisubiri wenye kuhitaji zaidi. Kwa mgonjwa mwingine yeyote wa wodi ile uamuzi huo ungekuwa sahihi.

Saa 4 usiku alilalamika kifua kinauma mahali pa jeraha, akapewa mofini, akalala. Presha ikashuka taratibu. Saa 7 usiku ilikuwa 98/54, yaani wastani wa 69. Kengele ya monita haikulia kwa sababu ilikuwa imepangwa ilie chini ya 65, kiwango cha kawaida cha ICU yetu.

Saa 8:10 usiku mgonjwa aliamka na kusema: "Sista, miguu imelala."

Muuguzi alikuwa na wagonjwa watatu. Anatoka magharibi ya nchi, na Kiswahili chake, kama cha wengi wetu, ni cha kuokoteza. Wazazi wetu walikihusisha na askari na vizuizi vya barabarani, na ingawa baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, kizazi chetu hakikukipata darasani. Alisikia neno kulala. Akaelewa kwamba mzee amechoka kulala chali, akamgeuza ubavu, akamwekea mto kati ya magoti, akaandika kwenye chati: amepumzika vizuri. Hata mimi ninayekijua Kiswahili kuliko yeye sina hakika ningeshtuka. Miguu ya kila mtu hulala akikaa vibaya, na mgonjwa mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alidhani itaamka.

Saa 9:30 usiku alimwita tena. Safari hii alisema: "Hii miguu si yangu." Muuguzi akafunua blanketi, akamwambia asukume vidole. Wa kulia ulionyesha mkakamao mdogo wa msuli bila kusogea. Wa kushoto, hakuna. Simu yangu iliita saa 9:34.

Kuanzia simu hadi asubuhi

Nilimwambia afungue mrija wa maji kabla sijavaa viatu. Alisita, akasema kwa utaratibu hana ruhusa ya kuugusa. Nikamwambia ruhusa ni yangu. Presha ya maji ilipofunguliwa ilikuwa 19. Fanya hesabu: 69 ukitoa 19 ni 50. Huo ndio mgao ambao ugwe ule ulikuwa ukipewa, na huenda kwa saa mbili au zaidi.

Daktari wa zamu alikuwa kitandani kwa mgonjwa baada ya dakika chache. Tulifanya mambo manne karibu kwa pamoja. Kichwa cha kitanda kililazwa sawasawa. Mililita 10 za maji zilitolewa, kisha mrija ukaachwa uvuje kwa presha ya 10 na usizidi mililita 15 kwa saa, maana ukikamua haraka mno ubongo unashuka, vishipa vyake vinachanika na unapata damu kichwani juu ya mgonjwa aliyepooza. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, ilianzishwa ili wastani ufike 90, na saa 10 kamili ulikuwa umefika. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 91, akavishwa barakoa. Tukaagiza damu chupa mbili, na safari hii hatukujadiliana.

Nusu saa ikapita bila badiliko. Hapo ndipo wengi huacha, kwa kuogopa mishono ya aota. Tulimpigia daktari wa upasuaji aliyebaki tukamuuliza jambo moja tu: mishono inaweza kubeba wastani wa 100? Akasema ndiyo. Tukapandisha hadi 100. Sasa ugwe ulikuwa ukipata 90 badala ya 50.

Swali jingine lilikuwa kama kuna damu iliyoganda karibu na mrija wa maji na kuubana ugwe, kwa sababu alikuwa amechomwa heparini ya kuzuia kuganda saa 4 usiku. Hiyo ingehitaji upasuaji wa haraka, wala isingesubiri presha. Kipimo bora ni MRI, lakini kumhamisha mtu mwenye noradrenalini inayopanda ni hatari yake. Nilichukua uma wa mtetemo, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotumika usiku ule, nikauweka kwenye kifundo cha mguu. "Unatetemeka," alisema. Pini hakuisikia wala baridi ya spiriti, lakini mtetemo aliusikia miguu yote. Nyuma ya ugwe kuko salama, mbele kumezima: hiyo ni picha ya kukosa damu kwa ateri ya mbele. Haifuti uwezekano wa damu iliyoganda. Ila mgongo haukuuma, maji yalikuwa meupe, na tukaamua CT ifanyike kukipambazuka. Ilipofanyika haikuonyesha kitu kinachobana.

Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, hatukutoa. Wapo wanaotoa, na sina ugomvi nao. Mimi niliogopa sukari na maambukizi kwenye mrija mpya wa aota kuliko nilivyotumaini faida.

Saa 12 asubuhi kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Kufikia jioni mguu wa kulia ulikuwa ukiinuka kitandani bila kuhimili kusukumwa, na wa kushoto ukiburuzika tu.

Wiki zilizofuata

Mrija ulikaa siku tatu zaidi. Tuliufunga mchana, mgonjwa akiwa macho, wastani ukiwa juu ya 90 na himoglobini juu ya 10, bila dawa yoyote mpya siku hiyo. Noradrenalini ilipunguzwa kidogo kidogo, na kila hatua ilifuatwa na kupima miguu.

Siku ya tisa, tayari wodini, lilitokea jambo ambalo hakuna kitabu nilichosoma kililitaja. Mdogo wake, kwa mapenzi, alileta maji ya moto na taulo akamkanda miguu ili damu irudi, kama mama zetu wanavyotukanda tangu tukiwa wachanga. Mgonjwa hakusikia moto. Alikuwa akihisi taulo linagusa, na kwa kuwa alihisi, wote wawili walidhani ngozi iko salama. Aliamka na malengelenge juu ya unyayo wa kushoto. Tulikuwa tumejua kwa siku sita kwamba hisia za joto hazipo. Tuliandika kwenye faili. Ndugu hatukuwaambia. Kidonda kile kilimchelewesha kuvaa kiatu cha kuinua unyayo kwa wiki tatu.

Kibofu kilichelewa kuliko miguu. Alifundishwa kujitoa mkojo kwa mpira safi mara nne kwa siku badala ya kukaa na mpira wa kudumu. Aliruhusiwa wiki ya tano, akitembea kwa fremu.

Nilivyoisoma faili baadaye

Katika kikao cha kupitia kisa, mwenzetu mmoja wa upasuaji alisema kosa lilikuwa kufunga mishipa mingi ya mbavu. Sikubaliani naye. Mtu aliyeinua miguu yote miwili saa 3 usiku, na kuiinua tena siku mbili mfululizo, ugwe wake ulitoka chumba cha upasuaji ukiwa hai. Upasuaji uliuacha bila akiba. Akiba hiyo tukaitumia sisi, juu ya kitanda cha ICU, kwa maamuzi manne ambayo kila moja lilikuwa na sababu yake: dawa za presha, kufunga mrija, kuahirisha damu, mofini ya usiku. Hakuna aliyekaa akayaona yakiwa kwenye siku moja. Mwandishi wa dawa hakujua mrija umefungwa, na aliyefunga mrija hakuangalia himoglobini.

Ile 158/90 yenyewe nimeifikiria sana. Nadhani mwili ulikuwa ukifanya tulichopaswa kufanya, yaani kuusukumia damu wavu uliopungua nyuzi. Tulipoitibu tuliondoa kilichokuwa kikimshikilia. Simaanishi presha iachwe ipande hovyo, maana mishono mipya nayo ina mipaka yake. Lakini kati ya mishono na ugwe, kwa siku tatu au nne za kwanza, ugwe ndio wenye haraka.

Muuguzi hakulaumiwa, na nilihakikisha. Chati tuliyompa ilikuwa na kisanduku cha kuuliza "miguu iko sawa?" kila saa moja. Swali hilo linajibiwa kwa adabu. Mgonjwa wa kwetu akiulizwa na sista usiku, hata akiwa anakufa, atasema niko sawa, asante. Kisanduku cha saa 7 kilikuwa na alama ya vema kwa sababu mzee alikuwa amelala, na aliyelala hajalalamika.

Kilichomwokoa ni kwamba mrija ulikuwa umefungwa bila kutolewa. Kama tungeutoa mchana ule, na ilibaki kidogo, ningekuwa natafuta nafasi ya sindano kiunoni saa 10 usiku kwa mtu aliyechomwa heparini. Muuguzi naye alifunua blanketi. Mara ya pili hakuuliza swali, aliagiza mguu usogee.

Kilichobadilika wodini

Chati mpya haina swali. Ina amri: inua mguu wa kulia, inua wa kushoto, na muuguzi anaandika alichoona kwa namba kutoka 0 hadi 5. Aliyelala anaamshwa. Juu ya kitanda kuna karatasi yenye amri hiyo kwa Luganda, Kiswahili, Runyankole na Ateso, na chini yake maneno ambayo wagonjwa wenyewe hutumia: imelala, imekufa ganzi, mizito, si yangu. Lolote kati ya hayo likitamkwa, blanketi linafunuliwa. Muuguzi ana ruhusa ya kufungua mrija kabla ya kupiga simu. Kengele ya presha ya wastani kwa wagonjwa hawa inalia chini ya 80. Na siku ambayo mrija umefungwa, hakuna anayeandika dawa ya kushusha presha.

Kuhusu wageni wanaokuja kutusaidia, tumewaomba waje mwanzo wa safari yao, wasianze upasuaji mkubwa siku mbili kabla ya ndege. Wengine wamekubali.

Dawa za presha tulizirudisha wiki ya tatu, tukianza na amlodipini miligramu 2.5, kwa sababu aota iliyobaki bado ni yake na bado ni dhaifu. Baada ya miezi sita alikuja kliniki, ghorofa ya pili, siku ambayo lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi kwa mkongojo, akitanguliza mguu wa kulia na kuuvuta wa kushoto, akipumzika kila baada ya ngazi tano. Mdogo wake alimfuata nyuma na kigoda mkononi. Lori ameliacha, sasa anamsimamia kijana anayeliendesha. Nilipotoa uma wa mtetemo akacheka, akavua kiatu bila kuambiwa. Kovu la maji ya moto bado linaonekana, na pini kwenye unyayo ule bado haisikii.